Kabla ya kuwasha leza: mtambo wa kupima mwanga unaotawanywa na gesi

Miwani kwanza, na si ya jua. Nunua ya leza, iliyoandikwa ni mawimbi gani inazuia. Leza rahisi za kijani, zenye wimbi la nanomita 532, huvujisha pia nanomita 808 na 1064. Jicho haliyaoni mawimbi hayo ila linaungua, kwa hiyo miwani ya kuzuia kijani pekee haitoshi. Vua saa na pete. Mwali usipite usawa wa macho ya aliyeketi.

Usichukue leza nyekundu kwa sababu ni ya bei nafuu. Wimbi lake ni refu kuliko la kijani, na wimbi likifupika nusu, gesi hutawanya mwanga mara 16 zaidi.

Sasa hili ndilo linaloliza watu. Kwenye sentimita moja ya mwali wa kijani, hewa hutawanya chini ya sehemu moja kati ya milioni tano. Kijana mmoja hapa Kisumu aliunda chemba ya bomba la chuma, akaipaka ndani rangi nyeusi ya kung'aa. Sensa ya mwanga ikasoma milivolti 40, imetulia tuli, naye akaanza kuchora grafu. Tukamwambia anyonye hewa kwanza. Akapata kompresa ya friji kuukuu kwa mafundi wa soko la Kibuye, akaiunganisha. Geji ikashuka, ikashuka. Sensa ikagoma kwenye 38. Muda wote huo alikuwa anapima mwanga uliorudishwa na rangi ya ukuta! Akaikwangua, akafukiza bomba kwa moshi wa koroboi mpaka masizi yakashika, kisha akafunga nyembe kadhaa pamoja, makali yakielekea leza, ziumeze mwali mwishoni. Ukuta ukabaki milivolti 3.

Hata hizo 3 zitoe. Pima kwa mikandamizo kadhaa, chora mstari, uurefushe hadi mkandamizo sufuri: unapokatia hapo ndipo ukuta ulipo. Na kwa mkandamizo wa hewa ya nje, usinakili kilopaskali 101 za vitabuni. Kisumu ni kama 88, Nakuru kama 81. Kisha jaribu kabonidayoksaidi, isome zaidi ya mara mbili ya hewa. Heliamu safi isizidi asilimia mbili ya hewa. Ikizidi, rudi kwenye masizi.

Chuja hewa, maana vumbi hung'aa kuliko gesi yenyewe. Leza iwe kwenye betri, stima hapa haina ahadi. Jioni funga madirisha, wadudu wa ziwani hufuata mwanga. Watoto wasiingie, mlango uwe na komeo, na usifungue kifuniko kabla ya kuzima, hata kama ni kuchungulia tu.