Eksirei ya utumbo mwembamba: msimbo upi wa CPT (namba za huduma kwenye bili za Marekani)?
Vijana wa hapa Arusha mnaojifunza kuandaa bili za hospitali za Marekani, someni kwanza ripoti ya daktari wa mionzi: bariamu (dawa inayoonekana kwenye eksirei) ilifuatiliwa tangu umio na tumbo, au ni utumbo mwembamba peke yake? Kama ni peke yake, weka 74250. Ikitumika bariamu nzito pamoja na hewa kupitia mpira unaoingizwa hadi utumbo mwembamba, 74251. Kipimo kikianzia juu, chukua msimbo wa umio na tumbo, yaani 74240 (bariamu pekee) au 74246 (bariamu nzito na gesi), kisha ongeza 74248 ya utumbo mwembamba, ambayo haisimami yenyewe kamwe. Ukiikuta 74245 kwenye notisi za kurithi (na utaikuta), iruke, ilifutwa 2020. Picha hata zikiwa kumi usizitoze mojamoja. Msimbo ni wa kipimo kizima.