Kukaanga kahawa kwenye kikaango: tumia masikio

Wanaoanza kukaanga kahawa hukazia macho rangi. Rangi inadanganya, hasa jikoni kukiwa na taa hafifu. Mimi hufuata zaidi harufu na mlio.

1. Chambua. Tumia kahawa safi, yaani punje zilizokwisha kukobolewa, za kijani kilichopauka, zenye unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Zitandaze kwenye sinia, utoe nyeusi, zilizotobolewa na wadudu na zilizovunjika. Kipande huungua wakati punje nzima bado mbichi.

2. Pasha kikaango. Kiwe kizito na kikavu, mafuta hayatakiwi. Fungua madirisha, maana moshi hauepukiki. Gramu 200 zatosha: ukijaza, za chini zitaungua na za juu zitabaki zinapashwa tu.

3. Koroga, usiache. Mwanzoni utasikia harufu ya majani makavu. Baadaye punje zitageuka manjano, harufu iwe ya mkate, na vijiganda vyepesi vianze kupeperuka. Hapa ndipo watu hukosa subira wakaongeza moto. Matokeo yake punje huiva nje tu, na kikombe kinakuwa na uchungu wa moshi na ladha ya nyasi kwa pamoja.

4. Sikiliza. Joto la punje likikaribia nyuzi 196 za Selsiasi, mvuke na gesi vilivyobanwa ndani huzipasua. Utasikia mlio mkavu, pa! pa!, kama bisi. Kwa moto wa wastani hutokea kati ya dakika ya 8 na ya 12. Punguza moto kidogo, kwani kuanzia sasa mambo huenda mbio.

Ukiepua milio inapoanza kupungua, utapata kahawa nyepesi yenye uchachu wa matunda. Milio ikiisha, kunakuwa kimya kwa muda mfupi, kisha mlio wa pili huanza, karibu nyuzi 224: mwembamba, wa harakaharaka, na mafuta hutokeza juu ya punje. Ukipita hapo sana utakunywa mkaa. Mimi huepua katikati ya kile kimya.

5. Poza upesi. Punje huendelea kuiva kwa joto lake hata nje ya moto, kwa hiyo wahi kidogo. Mimina kwenye ungo, pepeta mpaka vijiganda vitoke; ndani ya dakika 4 ziwe zinashikika. Fanya hivi nje, vinginevyo utafagia jiko zima.

6. Pima. Kahawa iliyokaangwa wastani hupoteza takriban asilimia 15 ya uzito, kwa hiyo gramu 200 zirudi karibu 170. Zikizidi sana hapo, mara nyingi umeepua mapema, hata kama rangi inapendeza.

7. Pumzisha. Iache kwenye chombo kisichofunikwa kwa kubana, siku moja au mbili, gesi ya kabonidioksidi ipungue. Kisha funika vizuri, na usage ile tu unayokwenda kuipika.