Ukikutana na gari iliyopambwa fulu, muongeleshe mwenyewe hivi

Yale magari unayajua, yaani bodi nzima imechorwa hadi ndani ya milango, au imebandikwa shanga na vioo vidogo vidogo na midoli kuanzia bampa ya mbele mpaka kwenye buti, taa kila kona, huwezi kuipita bila kugeuza shingo. Watu wengi wanapiga picha kwa mbali wanaondoka zao, na mimi huwa naona wamekosa utamu wenyewe, maana mwenye gari ya hivyo kakaa nayo miezi, wengine miaka, na karibu kila kipande anakumbuka kilifikaje pale. Kumfikia sio ngumu ila kuna namna yake.

Subiri asimame kwanza. Akiwa barabarani usimfukuzie wala usimpigie honi, mnyooshee dole gumba basi, anaendesha huku watu wote wanamtazama, usimuongezee mzigo. Wakati mzuri ni akishapaki na hana haraka, labda anafuta vumbi au kaegemea pembeni anapiga stori. Kama ni usiku au yuko peke yake sehemu isiyo na watu, hasa kama ni mwanamke na wewe ni mwanaume, muache, mtakutana siku nyingine. Na pakiwa na maonyesho ya magari nenda kabisa, huko wenye magari wamekuja wakijua wataulizwa. Houston kule Marekani wana gwaride la magari ya sanaa tangu 1988, barabara inajaa magari ya aina hii na wenyewe wamo ndani.

Sasa mikono. Hapa naomba nieleweke vizuri: USIGUSE, hata kama unaona kagusa mwingine. Vumbi lililo juu ya bodi ukilipitishia kidole linakuwa msasa, linachora mistari kwenye klia, yaani lile tabaka la juu linalong'aa na kuonyesha rangi ya chini, na pete, zipu ya begi na chuma cha mkanda ndio mbaya zaidi, kwa hiyo kuegemea gari ili upigwe picha hapana. Na madhara yake ni makubwa kuliko unavyodhani. Kuna rangi wanaita kendi, chini inawekwa silva au dhahabu, juu inapulizwa rangi inayopitisha mwanga tabaka kwa tabaka, halafu klia ya kufunga. Idadi ya tabaka ndio inaamua rangi ikolee kiasi gani, sasa ukichubua sehemu moja, kupata ukolevu uleule kwa kiraka ni kazi kweli, mara nyingi fundi anarudia paneli nzima. Ukiwa na mtoto mshike mkono kabla hamjafika, usisubiri afike ndio uanze kumuita.

Kabla hujasema kitu, izunguke yote taratibu. Mwenye gari anakuona. Tena wapo waliofikiria hilo mpaka mwisho, kuna Mmarekani anaitwa Harrod Blank, aliota ndoto kwamba kabandika kamera gari nzima na anapiga picha sura za watu wanaoishangaa, akaamka akaifanya kweli, gari ina kamera zaidi ya 1,000 na baadhi zinafanya kazi. Kwa hiyo elewa, wengi wao furaha yao ni uso wako pale unapogundua kitu. Ukishazunguka chagua kitu KIMOJA umekiona, halafu uanze nacho. "Kaka hongera kwa kazi, nimeona huyo ndege kwenye kifuniko cha tenki, amechorwa na nani?" Hiyo inafungua mlango kuliko "gari kali", maana gari kali kashaambiwa na kila mtu, anajibu asante na mazungumzo yanaishia hapo.

Usianze na bei. Najua ndio swali linalokuja lenyewe mdomoni, lakini linamfanya mtu aanze kujitetea hela yake badala ya kukuonyesha kazi. Na "huogopi kuibiwa?" usiseme kabisa, humjui na yeye hakujui, inasikika vibaya. Akitaka kuongelea hela ataanza mwenyewe.

Maswali mazuri ni yale ya kazi. Ulianzia sehemu gani? Kipande gani umekirudia zaidi ya mara moja? Mvua na jua vinaifanyaje? Kama ni ya kubandika muulize katumia nini, wengi wanapenda silikoni kwa sababu bati linatanuka juani na kusinyaa likipoa, gundi inayokauka ngumu inapasuka vitu vinadondoka, silikoni inanyumbuka pamoja na bodi. Kama ni ya kuchora uliza ilifunikwa na nini juu. Gari ya Porsche ya Janis Joplin, mwimbaji wa roki wa Marekani, ile iliyochorwa 1968 bodi nzima na Dave Richards aliyekuwa akifanya kazi na bendi yake, iliwahi kuibiwa na mwizi akaipulizia rangi ya kijivu kuificha, wakaipata, na Richards akaweza kuitoa ile kijivu kwa sababu mchoro wake ulikuwa na klia juu. Bila klia mchoro ulikuwa umekwenda. Mwaka 2015 gari hiyohiyo ikauzwa mnadani kwa dola milioni 1.76. Ukiuliza swali la klia mwenye gari anajua anaongea na mtu anayejali na utaona mwenyewe anaanza kukufungulia boneti bila kuombwa.

Usidhani pia kwamba mwenye gari ndiye aliyechora. Uliza, na kama ni fundi mwingine omba jina lake akikubali kulitoa, wale mafundi wanasahaulika sana na inaniuma.

Kuna jambo moja linataka utulivu. Ukiona picha ya mtu na jina na miaka miwili imeandikwa chini, au viatu vya mtoto vimebandikwa sehemu ya heshima, inawezekana gari yote ni kumbukumbu ya marehemu. Usirukie hapo. Ongea kuhusu rangi, kuhusu taa, akitaka atakupeleka mwenyewe, na akikupeleka nyamaza usikilize, weka simu mfukoni, pole inatosha.

Picha omba. Ya gari wengi watakubali, ya yeye mwenyewe omba tena peke yake, na akisema hapana usimbembeleze. Ukitaka kuposti ziba plati namba, na usitaje gari inalala wapi wala inapaki wapi kila siku, hiyo ni gari moja duniani, mtu mwenye nia mbaya hana haja ya kutafuta sana. Taja jina la fundi kama ulipewa ruhusa. Na kama umemuahidi kumtumia picha mtumie siku hiyohiyo, zile ulizopiga kwa karibu ndio anazitaka zaidi, zinamuonyesha sehemu zilizoanza kubanduka kabla hazijadondoka.