Namna ya Kutafuta Chanzo cha Kishindo Unapoingiza Rivasi

Gari la otomatiki likigonga kila unapoingiza rivasi, usikubali haraka gia boksi ifunguliwe, kwa kuwa mara nyingi chanzo ni kitu cha bei nafuu zaidi. Katika baridi ya Juni na Julai hapa Mbeya, injini iliyotoka kuwashwa huzunguka kwa kasi kuliko kawaida na kukikuza kishindo; subiri mzunguko ushuke kwanza. Ukiegesha kwenye mteremko, ambao kwetu hauepukiki, kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia ya mguu gari litulie, ndipo uweke P, ili uzito wa gari usilalie kipini kinachofunga gia boksi ukiwa P, kikagonga unapokitoa.

Kishindo kikiendelea hata penye tambarare, kagua maunti, yaani vishikizo vyenye mpira vinavyobeba injini na gia boksi. Zuia tairi kwa mawe, fungua boneti, kisha mwenzako, akiwa amekanyaga breki kwa nguvu na breki ya mkono imevutwa, abadilishe kutoka D kwenda R huku wewe ukitazama ukiwa ubavuni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiruka sana, mpira umechanika na maunti ibadilishwe.

Kwa gari linalosukumwa na tairi za nyuma, zima injini, weka N bila kuondoa mawe wala breki ya mkono, kisha zungusha propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu tairi za nyuma) huku na huku kwa mkono, uone kama krosi, yaani viungio vyake, zimelegea. Unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vya krosi ni dalili kwamba grisi imekwisha.

Haidroliki, yaani mafuta ya gia boksi, ikinuka kuungua, hiyo sasa ni kazi ya fundi wa gia boksi.