Kurekebisha Draiva ya Kidhibiti cha Diski Inayopoteza Ishara za Kukatiza

Seva inayotunza kumbukumbu za mizani ya majani ya chai wilayani Rungwe ililetwa karakana kwetu Mbeya kwa sababu ilikuwa ikiganda kwa nusu dakika kila kazi ilipozidi, kisha inaendelea kama kawaida. Diski na waya vilikwisha kubadilishwa bila mafanikio. Nusu dakika hiyo ndiyo dalili yenyewe, kwani Linux kwa kawaida huisubiri diski kwa sekunde 30 (angalia /sys/block/sda/device/timeout) kabla ya kuihesabu amri kuwa imepotea.

Nakili data yote kwanza. Draiva, yaani programu inayoendesha kidhibiti cha diski, haijaribiwi juu ya hesabu za wakulima.

Hatua ya kwanza ni kusoma /proc/interrupts, faili inayohesabu ishara za kukatiza (ambazo kifaa huitumia CPU kuiarifu kuna jambo la kushughulikia), kuipa diski kazi, kisha kusoma tena. Idadi isipoongezeka, ishara hazifiki. Ikipanda kwa kasi ilhali diski imetulia, kuna chanzo kisichozimwa. Ukikuta "nobody cared" katika dmesg (taarifa za kerneli, yaani kiini cha Linux), fahamu kwamba kati ya ishara 100,000 zaidi ya 99,900 hazikuwa na mwenyewe, na kerneli imeufunga mstari huo unaopitisha ishara.

Hatua ya pili ni kuifungua fanksheni ya draiva inayoitwa kila ishara ikifika, iliyosajiliwa kwa request_irq, na hapa usiwe na haraka. Kidhibiti cha AHCI (kiwango cha vidhibiti vya diski za SATA) kina rejista IS inayoonyesha hali ya ishara za kidhibiti kizima, kwenye 0x08, na rejista PxIS ya kila poti. Biti zake hufutwa kwa kuandikiwa 1. Draiva ya seva ile, ambayo haikuwa ya kerneli yenyewe, ilishughulikia kwanza amri zilizokamilika, ndipo ikafuta PxIS yote kwa 0xFFFFFFFF, hivyo amri iliyokamilika katikati ya vitendo hivyo viwili ilifutiwa ishara yake kabla haijaonekana. Mpangilio unaofaa ni huu (readl husoma rejista, writel huiandika, na 0x10 ndipo ilipo PxIS ya poti):

hali = readl(poti + 0x10);
writel(hali, poti + 0x10);
shughulikia_amri(poti);

Futa ulichokisoma tu, kisha ndipo ukague amri. Poti zote zikiisha, futa IS. Ukiitanguliza, biti yake itawaka tena papo hapo kwa kuwa PxIS bado ina kitu, na utapata ishara hewa baada ya kila ishara halali. Mpangilio huu wa IS ni wa mstari unaoshikilia kiwango (level-triggered), yaani unaobaki umewaka hadi chanzo chake kifutwe.

Hatua ya tatu inahusu jibu la fanksheni. IS ikiwa sifuri, rudisha IRQ_NONE ("ishara si yangu"), hasa mstari ukiwa wa pamoja kwa IRQF_SHARED. Wapo wanaorudisha IRQ_HANDLED ("nimeishughulikia") kila mara ili kerneli inyamaze. Mimi sikubaliani nao, kwa maana wanaizima kengele huku moto ukiwaka.

Jenga upya moduli ya draiva, ipakie, kisha endesha fio, programu ya kuzipa diski kazi nzito, kwenye poti zote kwa wakati mmoja, kwa kuwa poti moja peke yake mara nyingi haiibui tatizo hili. Iache usiku kucha, na asubuhi tafuta katika dmesg amri yoyote iliyopitwa na muda.