Mirror's Edge: jinsi ya kukimbia juu ya paa bila kufa kila dakika

Gemu hii si ngeni. Ilitoka Novemba 2008 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, na ya kompyuta ikafuata Januari 2009. Waliotengeneza ni DICE wa Sweden. Mimi bado naiwasha, na kila nikimwachia mtu pedi kwa mara ya kwanza namwona akifanya yale yale: anakimbia hadi ukingoni mwa paa, anasimama, anachungulia chini, anarudi hatua mbili, anaruka, anakufa. Faith, binti unayemchezesha, silaha yake ni mwendo. Ukiukata, amebaki mtu mmoja mikono mitupu mbele ya askari wenye bunduki.

Hapa nataja vitufe vya PlayStation. Mwenye Xbox asome LB badala ya L1, LT badala ya L2, RB badala ya R1. Kwenye kibodi ni Space, Shift na Q.

1. Kabla hujaanza

Unaona kwa macho ya Faith mwenyewe, kwa hiyo akibiringika, dunia yote inabiringika. Wengine hupata kichefuchefu. Kile kidoti katikati ya kioo kiliwekwa kwa ajili hiyo. Kiache kiwake na ukitazame. Washa taa chumbani, kaa mbali kidogo na kioo.

Kwa wa kompyuta: kama gemu inakwamakwama kila kioo cha dirisha kinapopasuka, nenda kwenye mipangilio ya picha uzime PhysX, ile inayohesabu jinsi vioo na vipande vinavyoruka. Niliwahi kupoteza jioni nzima nikilaumu mashine yangu, kumbe tatizo lilikuwa hapo tu.

2. Kitufe cha juu, kitufe cha chini

L1 ni kila kitu cha kwenda juu: kuruka, kupanda, kukimbia ukutani. L2 ni kila kitu cha kwenda chini: kuchuchumaa, kuserereka, kubiringika. Gemu yenyewe inachagua tendo kulingana na kilicho mbele yako. Kwa hiyo usikariri mbinu ishirini. Jiulize tu: hapa napita juu au napita chini?

Jiji ni jeupe, na kitu cha kukusaidia hugeuka chekundu ukikikaribia: bomba, ubao, mlango. Mlango mwekundu usiufungue kistaarabu. Uendee mbio ubonyeze R2, Faith ataupiga kumbo na kuendelea. Ukipotea, shikilia kitufe cha duara, atageuza macho kuelekea unakokwenda. Ukichagua ugumu wa juu kabisa ule wekundu unaondoka, basi anza chini.

3. Kubiringika

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Ukitua kutoka juu bila kubiringika, Faith anapiga magoti, anaguna, na kasi yote inakwisha. Ukibonyeza L2 karibu kabisa na kugusa sakafu, anabiringika na kuinuka akiwa bado mbioni. Karibu wote huwahi mno. Ukiwahi, anakunja miguu tu hewani kisha anatua vibaya.

Fanya hivi: tafuta paa moja lenye kushuka kwenda jingine, uruke mara kumi mfululizo bila kwenda popote pengine. Usitazame kitufe. Tazama sakafu inavyokuja, na bonyeza unapohisi tayari umechelewa. Mara nyingi huo ndio wakati wenyewe. (Kuna kimo ambacho kubiringika hakuokoi. Upepo ukianza kuvuma masikioni, weka pedi chini.)

Kule kukunja miguu nako kuna kazi yake. Uzio wenye seng'enge juu unarukwa kwa L1, halafu L2 ukiwa hewani. Miguu inapanda, unapita bila kukwama.

4. Ukuta

Uuendee ukuta kwa pembeni, L1, Faith anakimbia juu yake. Ukiuendea moja kwa moja, anaupanda kwenda juu. Sasa ongeza R1. Akiwa anapanda, R1 inamgeuza mgongo kwa ukuta na anabaki hapo kwa kitambo kifupi. L1 inamrusha kwenye kile kilichokuwa nyuma yako. Akiwa anakimbia pembeni, R1 inamgeuza atazame mbali na ukuta, kisha L1.

Panda, geuka, ruka: L1, R1, L1. Sema kwa mdomo kama unahesabu ngoma. Kuna kijana niliyemfundisha alishindwa saa nzima, alipoanza kuhesabu kwa sauti akapita mara ya tatu.

5. Askari

Kimbia. Kweli, kimbia. Kuna hata tuzo ya kumaliza gemu bila kumpiga risasi adui yeyote, na nadhani ndivyo ilivyokusudiwa kuchezwa. Ukibanwa, subiri silaha ya askari ing'ae nyekundu anapokushambulia, bonyeza pembetatu, utampokonya. Mraba hupunguza mwendo wa muda ukihitaji nafasi. Bunduki uliyoichukua itupe: haijazwi risasi tena, na iliyo nzito inakuzuia kuruka na kupanda.

6. Mbio dhidi ya saa

Ukishazoea, ingia kwenye mbio za muda, anza na Playground One. Nyota tatu ndiyo shabaha. Kivuli cha mbio zako bora kitakimbia mbele yako. Usikifuate njia ile ile. Tafuta kilipopunguza mwendo. Kwa kawaida ni pale ulipopanda kitu ambacho ungeweza kukikanyaga. Kimbilia kisanduku kifupi, bonyeza L1 ukikaribia kukigusa, Faith anaweka mguu juu yake na kurushwa mbali kuliko mruko wa kawaida. Mimi nilikwama kwenye nyota mbili siku kadhaa kwa sababu ya kisanduku kimoja nilichokuwa nikikizunguka.