Jinsi ya Kuomba ISSN kwa Jarida la Chuo Linalochapishwa Mtandaoni

ISSN ni namba ya kimataifa inayotambulisha machapisho ya mfululizo, yaani majarida, magazeti na machapisho mengine yanayotoka toleo baada ya toleo bila kupangiwa mwisho. Ina tarakimu 8 zinazotenganishwa katikati na kistari, na muundo wake umewekwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 3297, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1975. Katika vyuo vingi mzigo wa kuiomba humwangukia mkutubi, naye atakayetaka ombi lisirudishwe na ajue kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla fomu haijafunguliwa.

Anza na jina la jarida. Fungua ukurasa wa mwanzo wa tovuti, jalada la toleo lenyewe katika PDF na ukurasa wa kwanza wa makala yoyote, kisha usome jina lilivyoandikwa katika kila mahali. Mara nyingi utakuta tovuti ina jina refu, jalada lina kifupisho, na kwenye makala jina la chuo limeongezwa mbele. Msomaji huelewa kuwa hilo ni jarida moja. Mfumo wa kompyuta huweza kuyahesabu kuwa matatu. Kaeni na mhariri mkuu mkubaliane jina moja, mlisahihishe kila mahali, na ndilo hilo litakaloingia kwenye fomu herufi kwa herufi. Msiharakishe hapa, kwa sababu mkija kulibadilisha jina kwa kiasi kikubwa baadaye, itawabidi kuomba namba nyingine.

Jina likishakubaliwa, litafute katika ISSN Portal, hifadhidata ya mtandaoni ya machapisho yenye ISSN, ambako kutafuta ni bure. Huenda jarida lenu lilipewa namba miaka mingi iliyopita na uongozi uliotangulia, au kuna jarida jingine lenye jina hilohilo.

Ombi hupelekwa kwenye kituo cha kitaifa cha ISSN cha nchi aliko mchapishaji, ambacho aghalabu huwa ndani ya maktaba ya taifa. Nchi isiyo na kituo huhudumiwa na Kituo cha Kimataifa cha ISSN kilichoko Paris. Kinachoangaliwa ni mahali alipo mchapishaji. Seva inayohifadhi tovuti inaweza kuwa nchi nyingine kabisa, wala uraia wa wahariri hauhusiki.

Kabla ya kujaza fomu, hakikisha tovuti inaonyesha wazi jina la mchapishaji na anwani yake kamili, jina la mhariri, mwaka jarida lilipoanza na idadi ya matoleo kwa mwaka. Anayeshughulikia ombi ataifungua tovuti hiyo mwenyewe, kwa hiyo kiungo unachomtumia kisidai nywila, na matoleo yaliyotangazwa yawe na makala zinazosomeka kweli. Iwapo jarida hutoka pia kwa karatasi, omba namba mbili, moja ya chapa ya karatasi na nyingine ya mtandaoni, maana kila umbo huhesabiwa peke yake. Faili ya PDF inayopakuliwa kutoka kwenye tovuti hiyohiyo haihitaji namba yake.

Namba ikifika, ihakiki kabla ya kuiweka popote. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na 7 zilizotangulia. Chukua mfano wa 0317-8471: zidisha tarakimu 7 za mwanzo kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano huo, ujumlishe, na utapata 120. Gawanya kwa 11. Baki ni 10. Toa baki hiyo katika 11, nayo 1 inayopatikana ndiyo tarakimu ya mwisho. Jibu likiwa 10 huandikwa X, na baki ikiwa sifuri huandikwa 0. Hesabu hii huchukua dakika chache katika programu ya lahajedwali, nami huifanya kila mara, kwa kuwa tarakimu moja iliyokosewa wakati wa kunakili husambaa katika katalogi nyingi na kuiondoa baadaye ni kazi ngumu.

Chapa namba hiyo kwenye kona ya juu kulia ya jalada la karatasi na uiweke mahali panapoonekana kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti, ukitanguliza herufi ISSN. Ikiwa mnatumia Open Journal Systems, yaani programu ya kuendeshea majarida mtandaoni, ijaze pia kwenye mipangilio ya jarida, ambako namba ya karatasi na ya mtandaoni zina nafasi tofauti.

Wahariri wafahamishwe kwamba ISSN hutambulisha tu: haithibitishi ubora wa makala wala haitoi hakimiliki, na si halali kuitangaza kama ithibati. Mchapishaji akibadilika, au idadi ya matoleo ikiongezeka, namba hubaki ileile, ila kituo kilichoitoa kijulishwe ili kumbukumbu zake zirekebishwe.